MASHINE YA KUSAGIA KAHAWA: YA MKONO AU YA UMEME?

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Shauri Moyo na Kaloleni mpaka Jericho, Buruburu, Umoja na Kayole, chai ndiyo kinywaji cha asubuhi cha watu wengi. Hata hivyo wako wanywao kahawa, na miongoni mwao wako waliochoka na unga wa mkebeni, wapendao kununua buni zilizokaangwa na kuzisaga wenyewe. Mtu wa namna hiyo afikapo dukani huulizwa mara moja: je, ataka mashine ya mkono au ya umeme? Swali ni fupi, lakini jibu lake hugusa fedha, wakati, usingizi wa watoto, na pengine riziki ya nyumba nzima. Somo hili laeleza namna mashine hizo zifanyavyo kazi, na jinsi ya kuchagua ile ifaayo.

KAHAWA NA WATU WA NAIROBI

Kenya ni nchi ya kahawa, lakini sehemu kubwa sana ya kahawa yake huuzwa ng'ambo ingali buni mbichi. Wamisionari Wafaransa waliipanda Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Kwa miaka mingi baada ya hapo, serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wasiipande. Katika miaka ya 1930 wakulima wachache wa Kisii na Meru walianza kuruhusiwa, na ruhusa hiyo ikaenea baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za wakulima kahawa ilikuwa zao la kuuza, si kinywaji. Watu walichuma matunda, wakayapeleka kiwandani, na kwa fedha walizolipwa wakanunua majani ya chai.

Watu wa Pwani walikuwa na desturi nyingine. Huko muuza kahawa hupita na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo ili watu wasikie kwamba amefika. Kahawa yake ni chungu, pengine yenye tangawizi, nayo hunywewa pamoja na kashata au tende. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, watu wa Pwani walifika pia, na Pumwani ilipoanzishwa katika miaka ya 1920 baadhi yao walihamia huko pamoja na desturi zao. Katika mtaa wa Eastleigh wako pia watu waliotoka Ethiopia, ambao kwao kukaanga buni mbele ya mgeni ni heshima kubwa.

Watu wote hao walijua kusaga kahawa kabla ya kuona mashine. Buni hukaangwa, hupozwa, kisha hutwangwa kinuni kwa mchi mpaka ziwe unga. Mashine ya mkono ilikuja baadaye. Wengi wanaokumbuka magari ya Peugeot yaliyobeba abiria katika barabara za Kenya hawajui kwamba kampuni hiyo ya Ufaransa ilianza kutengeneza mashine za mkono za kusagia kahawa mwaka 1840, karibu nusu karne kabla ya kuunda gari lake la kwanza.

KWA NINI MTU ASAGE MWENYEWE?

Buni iliyokaangwa ina mafuta na harufu ndani yake, na ikiwa nzima huzihifadhi. Ikiwekwa katika chombo kilichofunikwa vizuri, mbali na jua na unyevu, hukaa majuma kadhaa bila kuharibika sana. Ikisagwa, hewa huingia kila mahali na harufu huanza kutoka saa ile ile. Baada ya siku chache unga huo hutoa kinywaji cheusi chenye uchungu, lakini utamu wake umekwisha kwenda.

Iko faida nyingine. Mtu akiinunua buni nzima aweza kuiona. Aona kama imekaangwa sawasawa, kama imevunjikavunjika, au kama imechanganywa na vitu vingine. Katika unga ni vigumu kutambua hayo kwa macho.

SIRI YA CHENGA

Kabla ya kuchagua mashine, yapasa kufahamu kazi yake. Kazi ya mashine si kuvunja buni tu, bali kuzivunja ziwe chenga za ukubwa mmoja.

Maji ya moto yapitapo katika kahawa huvuta ladha. Chenga ndogo hutoa ladha yake upesi, na ikikaa zaidi hutoa ukakasi na uchungu. Chenga kubwa hutoa pole pole, na maji yakiondolewa mapema huacha kinywaji chepesi chenye uchachu. Sasa, chenga ndogo na kubwa zikichanganyika katika birika moja, mnywaji hupata makosa yote mawili katika kikombe kimoja: uchungu wa zile ndogo na uchachu wa zile kubwa. Watu wengi hudhani kwamba kahawa yenyewe ni mbaya, kumbe ni kusagwa vibaya.

Ukubwa wa chenga hufuata namna ya kupika. Kahawa ya dele, ambayo huchemshwa, hutaka unga laini kama unga wa ngano. Kahawa ichujwayo kwa kitambaa hutaka chenga kama sukari. Kahawa ilowekwayo katika birika kwa dakika nne kisha ikamiminwa, hutaka chenga nene kama chumvi ya mawe. Mashine njema ni ile iwezayo kugeuzwa itoe ukubwa utakiwao, na kesho ikatoa ukubwa ule ule.

VISU NA MENO

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa maana hufikiri kwamba tofauti kubwa ni mkono na umeme. Tofauti iliyo kubwa zaidi ni visu na meno.

Mashine ya visu ina kikombe chenye visu viwili chini, ambavyo mota huvizungusha kwa kasi kubwa. Visu hukata chochote kilicho karibu. Buni zilizo chini husagwa mara nyingi zikawa vumbi, na zilizo juu hubaki vipande. Mtu hawezi kuiamuru itoe chenga za ukubwa fulani. Hukadiria kwa kuhesabu nukta tu. Mashine hii ni ya umeme, tena ndiyo ya bei nafuu miongoni mwa mashine za umeme.

Mashine ya meno ina vipande viwili vya chuma au vya udongo mgumu uliochomwa, chenye meno kila kimoja, kama mawe mawili ya kusagia nafaka. Kimoja hukaa imara na kingine huzunguka. Buni hupita katikati, na haiwezi kutoka mpaka iwe ndogo kama nafasi iliyoachwa. Nafasi hiyo hupanuliwa au kupunguzwa kwa kugeuza kirungu au nati. Kwa hiyo chenga hulingana.

Mashine karibu zote za mkono ni za meno. Za umeme ziko za visu na ziko za meno, lakini ile ya meno huuzwa kwa bei ipitayo sana ile ya visu. Kwa fedha zile zile, mara nyingi mashine ya mkono hutoa chenga nzuri kuliko mashine ya umeme ya visu. Jambo hili yafaa likumbukwe na kila mnunuzi mwenye fedha kidogo.

HESABU YA UMEME

Wako wanaoikataa mashine ya umeme kwa kuogopa kumaliza tokeni. Hesabu itaonyesha kama hofu hiyo ina haki.

Tuseme mashine yatumia wati 200, na kusaga kahawa ya asubuhi huchukua nusu dakika. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Mashine ya wati 200 hutumia uniti moja ikizunguka saa tano mfululizo. Katika saa tano mna nusu dakika 600. Basi uniti moja hutosha kusaga mara 600, yaani kila asubuhi kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Kuchemsha maji ni habari nyingine. Kuchemsha lita moja kwa birika la umeme hutumia umeme upitao ule wa kusaga mara hamsini. Atakaye kupunguza gharama na achemshe maji yamtoshayo tu, asijaze birika kwa vikombe viwili. Naye asingoje maji yafike digrii 100, kwa kuwa Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Joto hilo lafaa sana kwa kahawa.

Kwa hiyo bei ya umeme si sababu ya kuikataa mashine ya umeme. Sababu zilizo za kweli ni nyingine.

YA KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, kelele. Katika nyumba ambamo watu watano hulala chumba kimoja, na jirani yuko nyuma ya ukuta mwembamba, mashine ya umeme saa kumi na moja alfajiri huwaamsha watoto wa nyumba mbili. Mashine ya mkono nayo ina sauti, lakini ni ya chini.

Pili, umeme kukatika. Mnamo Agosti 2023, na tena Desemba mwaka huo huo, umeme ulipotea karibu Kenya nzima. Hata pasipokuwa na jambo kubwa kama hilo, katika ploti ambazo wapangaji hushirikiana mita moja, tokeni zaweza kwisha usiku. Mwenye mashine ya mkono na jiko la makaa au la gesi hunywa kahawa yake bila kungoja mtu.

Tatu, nguvu na wakati. Mashine ya mkono ya kawaida hubeba gramu 20 hivi, za vikombe viwili, na kuzisaga huchukua dakika moja au mbili. Kwa mume na mke si kazi. Kwa wageni kumi ni kazi. Kwa mzee mwenye maumivu ya viungo vya mikono ni adhabu, na mtu huyo anunuliwe ya umeme bila ubishi.

Nne, matumizi mengine. Mashine ya visu husaga pia iliki, mdalasini na bizari ya pilau. Lakini harufu ya viungo hukaa humo. Mpenda kahawa aitenge kwa kahawa tu, au akubali kunywa kahawa yenye pilau ndani yake.

Tano, maisha ya chombo. Mashine ya mkono ina vipande vichache, na mkono wake ukipinda, fundi wa Kamukunji aweza kuunyosha. Mota ikiungua, mara nyingi matengenezo hukaribia bei ya mashine mpya.

Kadhalika iko mashine ya tatu, isiyotajwa sana madukani: ile ya chuma kizito, ifungwayo ukingoni mwa meza kwa parafujo, ambayo watu husagia njugu na nafaka. Yaweza kusaga kahawa nyingi kwa muda mfupi. Chenga zake hazilingani sana, lakini kwa kahawa ya kuchemsha yatosha.

MFANO WA MAMA WA BAHATI

Na tufikiri habari ya mama mmoja akaaye mtaa wa Bahati, ambaye mumewe amepunguzwa kazini. Zamu yake ya kupokea fedha za chama imefika, naye anakusudia kuuza kahawa alfajiri kando ya Barabara ya Jogoo, kwa watu waendao kazini. Muuzaji amemwonyesha mashine ya umeme ya meno ya shilingi 12,000. Fedha za chama hazitoshi, na muuzaji yu tayari kumkopesha zilizobaki. Amemwambia, "Mama, bila mashine hii hutaweza biashara." Yuko pia muuzaji wa mashine ya mkono kwa shilingi 2,400. Bei hizi ni za mfano tu, lakini hesabu yake ni ya kweli.

Tuseme kila kikombe, baada ya kutoa gharama ya buni, sukari, makaa na maji, humpa faida ya shilingi 8. Ili kurudisha shilingi 12,000 yampasa auze vikombe 1,500. Akiuza 40 kwa siku, atarudisha kwa siku 38 za kazi, yaani majuma sita na kidogo. Hiyo si mbaya. Lakini nani amemwambia kwamba atauza 40? Akiuza 15, atahitaji siku 100 za kazi, karibu miezi minne, na deni halingoji. Katika miezi hiyo faida yote ni ya mashine, wala watoto hawapati shilingi moja.

Kwa mashine ya mkono yampasa auze vikombe 300. Akiuza 15 kwa siku, siku 20 zatosha.

Sasa tupime na kazi. Kikombe cha mililita 150 hutaka gramu 9 hivi za kahawa. Vikombe 15 ni gramu 135, yaani kujaza mashine ya mkono mara saba, kazi ya dakika kumi na tano hivi. Aweza kuifanya jioni huku akizungumza na mumewe, au mtoto mkubwa akamsaidia. Unga wa jioni hautashinda ule uliosagwa saa ile ile, lakini ukifungwa katika mkebe usiopitisha hewa utakuwa mzuri kesho yake. Vikombe 40 ni gramu 360, yaani kujaza mara 18, nayo ni zaidi ya nusu saa ya kuzungusha mkono kila siku. Hapo mashine ya mkono imefika mwisho wa uwezo wake, na ya umeme huanza kulipa mshahara wake.

Jibu la mama huyo liko wazi. Aanze na ya mkono kwa fedha zake mwenyewe, bila deni. Zilizobaki anunue buni, vikombe na chupa ya kuhifadhi joto. Wanunuzi wakifika 30 au 40 kwa siku, na wakaendelea hivyo majuma kadhaa, anunue ya umeme kutokana na faida. Ile ya mkono haitatupwa: itakuwa akiba ya siku ambayo umeme hautakuwapo. Na kama wanunuzi hawakufika, atakuwa amepoteza shilingi chache, naye hatafuatwa na mwenye kumdai mlangoni.

JINSI YA KUKAGUA DUKANI

Akichagua ya mkono, mnunuzi ashike mhimili wa katikati autikise. Ukiyumba sana, meno hayatakuwa na nafasi moja pande zote, na chenga hazitalingana. Azungushe mkono bila kuweka buni. Usikwaruze meno kwa meno. Kisha ageuze nati ya kurekebisha aone kama inashika mahali pake.

Akichagua ya umeme, asome kibao kilichobandikwa chini yake. Umeme wa Kenya ni volti 240. Baadhi ya mitumba hutoka nchi kama Marekani, ambako umeme ni wa volti 120. Mashine ya volti 120 ikichomekwa katika soketi ya Kenya huungua mara moja. Atazame waya usiwe na mpasuko, na plagi iwe ya pini tatu za mraba. Aombe iwashwe mbele yake, anuse kama yatoa harufu ya kuungua, na aulize kama ni ya visu au ya meno. Muuzaji asiyejua afunue kifuniko, mnunuzi ajionee.

UTUNZAJI

Kahawa ina mafuta, na mafuta yakikaa huchacha. Kila juma meno yasafishwe kwa burashi kavu. Meno ya chuma yasioshwe kwa maji, yatashika kutu. Mota kamwe isitiwe majini. Ifutwe kwa kitambaa. Mashine ya visu yaweza kutolewa harufu kwa kusaga konzi ya mchele mkavu na kuumwaga.

La muhimu kuliko yote: mtu asitie kidole katika mashine ya umeme kabla ya kung'oa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa maana mtoto aweza kuibonyeza. Mashine ya visu iwekwe juu mahali ambapo watoto hawafiki, na waya wake usining'inie ukingoni mwa meza.

ZOEZI LA JUMA MOJA

Mtu ambaye bado hajaamua na afanye hivi. Achukue karatasi, na kwa siku saba aandike kila kikombe cha kahawa kinywewacho nyumbani mwake au kiuzwacho mezani pake, saa yake, na jinsi kilivyopikwa. Katika muda huo anunue kahawa kidogo kwa muuzaji asagaye mbele ya mnunuzi, au atwange kwa kinu.

Siku ya saba ajumlishe. Vikombe visipopita sita kwa siku, ya mkono yamtosha. Vikipita 30, afikirie ya umeme, tena ya meno. Vikiwa katikati, atazame saa alizoandika: kama vingi ni vya alfajiri wakati watoto wamelala, asage jioni kwa mkono, kama vingi ni vya mchana na umeme upo daima, ya umeme itampunguzia kazi. Na kama aonavyo ni kwamba kahawa yake yote huchemshwa katika dele kwa tangawizi, basi asinunue kitu. Aazime kinu cha mama yake, na fedha hizo azitumie kununua buni bora.